Kipi Kitangulie Kuhifadhiwa?



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa tawi la kaskazini alitujia na swali. Katika eka zake tatu mna gofu la mawe. Kuta mbili zimesimama na ya tatu imelala. Kando yake mna mvule mkubwa ambao hata babu yake aliukuta. Mikarafuu yake mingi ya zamani imekufa, miche mipya iko tayari kitaluni, na masika yamekaribia. Fundi mmoja wa kujenga ataka kuyanunua yale mawe, na mpasua mbao ataka ule mvule. Mwenzetu akatuuliza: "Je, nisafishe nipande, au niache? Na nikiacha, nani atanilipa?"

Swali hili si lake peke yake. Ni wachache kati yetu ambao shambani mwao au mpakani mwao hamna kaburi la kale, au chemchemi, au mzimu, au gofu, au mti ambao wazee walikataza usikatwe. Na kisiwa chetu cha Pemba ni kidogo; chote hakifiki kilomita za mraba 1,000, na kila pembe yake ina mtu mwenye haja nayo. Huyu ataka kujenga, huyu ataka kuni, huyu ataka mchanga, na sisi twataka pahala pa kupanda mikarafuu. Haiwezekani kila jiwe na kila kichaka kuwekewa mlinzi. Kwa hivyo hapana budi kupanga: kipi kitangulie, kipi kifuate, na kipi kingoje.

Tusipopanga sisi, shoka litatupangia. Na shoka lina kanuni moja tu, nayo ni kuanza na kilicho karibu na njia.

Basi katika kurasa hizi twapenda kueleza namna ya kupanga, ili kila tawi liweze kuifanya kazi hii katika shehia yake. Mwisho tutarudi kwa mwenzetu na gofu lake.

MACHO HUDANGANYA

Kosa la kwanza ambalo watu hulifanya ni kupanga kwa macho. Mtu akiulizwa ni wapi Pemba panapostahili kuhifadhiwa, atataja Ras Mkumbuu, kwa kuwa pana magofu ya msikiti na makaburi yenye minara. Atataja Ngome ya Chake Chake, ambayo leo ni makumbusho. Atataja Pujini, kwenye boma la Mkama Ndume, ambaye masimulizi yasema aliwalazimisha watu wake kubeba mawe vichwani huku wakijivuta kwa makalio. Mahali pote hapo panastahili, hapana shaka.

Lakini tazameni Mtambwe Mkuu. Mtu apitaye pale haoni jambo kubwa la kumsimamisha. Hata hivyo, mwaka 1984 zilipatikana pale sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo, zenye majina ya watawala, na pamoja nazo chache za dhahabu. Kwa sarafu hizo dunia ilijua kwamba karibu miaka elfu moja iliyopita watu wa kisiwa hiki walikuwa wakifanya biashara kwa fedha iliyopigwa mhuri. Jambo hilo halikuandikwa ukutani. Lilikuwa chini ya udongo.

Au tazameni Tumbe. Pale palikuwa na mji kati ya karne ya 7 na ya 10, kabla ya miji ya mawe tunayoijua. Nyumba zake zilikuwa za miti na udongo, kwa hivyo hapana ukuta uliosimama. Palipobaki pana vigae na shanga ardhini. Mwenye kuchimba mashimo pale bila ya kujua aweza kuvuruga kwa asubuhi moja kitu kilicholala salama zaidi ya miaka elfu.

Kwa viumbe ni vivyo hivyo. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita, tangu zama za mbali sana. Unguja sivyo, bahari ilipopungua zamani za kale, Unguja iliungana na bara. Kwa sababu hiyo wako viumbe ambao kwao ni hapa tu. Yuko popo mkubwa wa Pemba, ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba, na kile kidege chenye duara nyeupe machoni. Katika miti uko mpapindi. Hao mtu hawakuti Tanga wala Mombasa.

Popo huyo si mzuri wa sura, na wengi wetu twamlaumu kwa maembe yetu. Zamani aliwindwa akaliwa, na miti mikubwa aliyolala ikakatwa, hata mwaka 1996 akaandikwa miongoni mwa wanyama walio karibu kabisa na kutoweka duniani. Ndipo watu wa vijiji walipounda vikundi vya kumlinda. Idadi yake ikapanda, na mwaka 2008 akahamishiwa daraja ya hatari iliyo nafuu. Leo wageni huenda Kidike kumtazama. Lau tungalipanga kwa uzuri, popo asingaliingia katika orodha yoyote.

MASWALI MANNE

Basi badala ya kuuliza "Kipi kikubwa?" au "Kipi kizuri?", twashauri yaulizwe maswali manne. Kila swali lipewe alama kuanzia 0 hadi 3.

Swali la kwanza: Je, kiko kwingine? Kitu kisichopatikana pahala pengine popote kipewe 3. Kilicho kimoja tu katika wilaya, au kinachotegemewa na mtaa mzima bila ya kingine mfano wake, kipewe 2. Chemchemi moja yaweza kuwa kitu cha kawaida kwa mgeni, lakini kwa wanaoteka hapo hapana ya pili.

Swali la pili: Kikipotea, chaweza kurudi? Hapa mkulima wa karafuu anajua zaidi kuliko watu wengi. Mkarafuu ukifa twapanda mche, na baada ya miaka 6 hadi 8 twaanza kuchuma. Mikoko iliyokatwa, ikiwa matope na maji yake hayakuharibiwa, huota tena. Mvule mkubwa hutaka umri wa watu kadhaa, lakini nao huota. Gofu halioti. Jiwe lililochomwa likawa chokaa halirudi ukutani, na kiumbe kilichokwisha duniani hakina mbegu.

Swali la tatu: Je, hatari iko karibu kiasi gani? Kitu chenye thamani kubwa ambacho hapana anayekigusa chaweza kungoja mwaka. Kitu cha thamani ya kadiri ambacho mnunuzi wake amekwisha kuja na mkokoteni hakiwezi kungoja wiki. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twasema, katika nyufa nyingi anza na ule unaovuja leo.

Swali la nne: Je, twaweza? Gofu linalotaka kufyekwa majani na kuzuiliwa mawe yake yasichukuliwe ni kazi ya watu kumi, siku moja kwa kila msimu. Ufuo unaoliwa na bahari ni kazi kubwa kuliko nguvu za shehia. Alama ndogo katika swali hili haina maana ya kukiacha kitu. Maana yake ni kwamba hapo kazi yetu si jembe bali ni barua kwa wenye uwezo.

MFANO

Natutoe mfano wa shehia ya kubuni, iliyo na mahali pa namna nne.

Pa kwanza ni gofu la msikiti lililomo katika shamba la mtu, na mawe yake yameanza kuchukuliwa. Kwa uadimu 2, kwa kutorudi 3, kwa hatari 3, kwa uwezo 3. Jumla 11.

Pa pili ni kijisitu kilicho juu ya chemchemi, na chini yake lina bonde la mpunga. Watu wakata kuni humo kila siku. Kwa uadimu 2, kwa kutorudi 2, kwa hatari 3, kwa uwezo 3. Jumla 10.

Pa tatu ni mivule iliyo makaburini ambayo popo hulala. Kwa uadimu 3, kwa kutorudi 2. Lakini watu wayaheshimu makaburi, kwa hivyo hatari ni 1. Kwa uwezo 3. Jumla 9.

Pa nne ni mikoko, eka nyingi kuliko mahali pengine pote kwa pamoja. Kwa uadimu 1, kwa kutorudi 1, kwa hatari 2, kwa uwezo 2. Jumla 6.

Basi msikiti mdogo ulioanguka umetangulia, na mikoko mingi imekuwa ya mwisho. Hapo ndipo pana hatari ya kukosea, nasi twataka kila mwanachama alifahamu jambo hili vyema. Kuwa wa mwisho katika orodha si ruhusa ya kukatwa. Orodha hii yatuonyesha pa kupeleka kwanza siku yetu ya kazi na fedha yetu kidogo. Haionyeshi pa kupeleka shoka. Mikoko huvunja nguvu ya mawimbi na samaki hulea watoto wao humo. Sheria zinazoilinda zabaki vile vile, iwe imepata alama 6 au 12.

Liko na jambo la pili. Kitu kilichopata 3 katika swali la kwanza na 3 katika la pili, yaani hakiko kwingine na hakirudi, kisiguswe hata kama jumla yake ni ndogo. Hesabu ya kujumlisha ina kasoro hii, kwamba alama ndogo za huku zaweza kuficha alama kubwa za kule.

Jambo la tatu ni kutazama vitu pamoja, wala si kimoja kimoja tu. Ikiwa shehia ina magofu matatu ya namna moja, na moja limekwisha kuhifadhiwa vyema, basi la pili halina tena uadimu ule ule. Huenda kijisitu cha chemchemi sasa kikalipita. Chungu kilichokwisha kutiwa chumvi hakitaki chumvi ya pili, hata ikiwa ni chumvi nzuri. Chataka kile kilichokosekana. Kwa hivyo kila mnapokwisha kuchagua kimoja, rudini mkahesabu tena vilivyobaki.

NANI AHESABU

Kazi hii isifanywe na kamati ya watu watatu kivulini. Wawepo wazee wanaojua majina ya mahali, kwani mara nyingi jina ndilo ushahidi pekee uliobaki. Wawepo wanawake, kwa kuwa wao ndio wajuao chemchemi ipi imepunguza maji na kuni zatoka wapi. Wawepo wavuvi, wachumaji na mwalimu wa skuli. Na kila mtu atoe alama zake kwanza peke yake, kwa karatasi, na asiyeandika amnong'oneze karani. Kisha ndipo zisomwe. Mkianza kwa kusema, mwenye sauti kubwa atapanga peke yake.

Mahali penye siri pasilazimishwe kuelezwa. Kama pana mzimu ambao wenyewe hawapendi kutaja habari zake, yatosha kuandika kwamba pana mti au jiwe la kuhifadhiwa, na mpaka wake.

Tusisahau pia kwamba dini na mila zaweza kulinda kuliko bango. Kisiwa cha Misali chajulikana kwa masimulizi ya yule mja mwema aliyeomba mswala wa kusalia, ukakosekana, akasema kisiwa chenyewe ni mithali ya mswala. Kisiwa hicho kiliwekwa katika hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2005 kikaingia katika Hifadhi ya Mkondo wa Pemba. Wavuvi wake walifundishwa uhifadhi kwa aya za Kurani, na mafunzo yale yakawaingia, kwa kuwa yalisema nao kwa lugha ya imani yao.

TUSIJITOE SISI WENYEWE

Itakuwa aibu wakulima wa karafuu kuhesabu makosa ya wakata kuni na kusahau yetu. Pemba ilikuwa na misitu mikubwa. Sehemu kubwa yake ilifyekwa katika karne ya 19 ili ipandwe mikarafuu. Na dhoruba ya mwaka 1872 ilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha iliyo mingi ya Pemba, kilimo hiki kikazidi kuwa cha kwetu. Msitu wa Ngezi, ambao ulitengwa kuwa hifadhi katika miaka ya 1950, na ambao sehemu yake ya kale ina kama hekta 1,440, ni masalio ya vazi lililofunika sehemu kubwa ya kisiwa. Twala kwa karafuu na twashukuru; lakini aliyekula kanzu asidai na kofia.

Na ile misitu ilikatwa na nani? Na ile mikarafuu ya kwanza ilipandwa kwa mikono ya nani? Wengi walikuwa watumwa, na utumwa haukuondolewa kwa sheria Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Kwa hivyo orodha ya mahali pa kale isiwe ya misikiti na maboma ya wakubwa peke yake. Sakafu za zamani za kuanikia karafuu, visima vya shamba, na makaburi yasiyo na mnara wala jina, nayo yaandikwe. Watu waliozikwa hapo ndio waliotuachia mikarafuu.

GHARAMA YAKE

Twarudi sasa kwa lile neno zito: "Nani atanilipa?"

Hasara ya kuhifadhi isifichwe, lakini nayo ihesabiwe, isikisiwe. Huko Unguja, karibu na Jozani, wakulima walilalamika kwamba kima punju wanawala vidaka na kuwamalizia nazi. Wataalamu wakaenda kuhesabu minazi kwa minazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba pale kima walipokula vidaka vingi, mavuno ya nazi hayakupungua. Hata hivyo malalamiko yalisikilizwa, na sehemu ya fedha za wageni ikawa inakwenda kwa vijiji vya jirani. Mwaka 2004 Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza visiwani.

Basi tumehesabu na hasara ya mwenzetu. Tulikwenda shambani kwake na kupima. Gofu pamoja na mpaka wa kulinda kuta zake, ili mizizi isizipasue, ni kama hatua 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400 hivi. Akipanda kwa nafasi ya mita 8 kwa 8, kila mche hutwaa mita za mraba 64. Kwa hivyo gofu lamnyima miche sita. Eka zake tatu zote, kwa nafasi hiyo hiyo, zaingia miche kama 190.

Miche sita katika 190. Si bure, wala hatusemi ni bure. Mkarafuu mmoja mzuri una maana kwa mwenye watoto wa skuli. Lakini ile fedha ya fundi wa kujenga hulipwa mara moja ikaliwa, na kuta zile hazitajengwa tena na mtu yeyote. Kwa maswali yetu manne gofu lake limepata 11, na mnunuzi amekwisha kuja. Ndilo la kwanza katika shehia ile.

Jawabu letu kwake ni hili. Gofu asiliguse, na khabari zake zipelekwe kwa sheha na kwa wakuu wa mambo ya kale. Tangu sheria ya mwaka 1927 mahali pa namna hii pana wa kupaangalia. Mvule nao asiukate. Na kwa hali yoyote mti kama huo hukatwa kwa kibali, wala si kwa mapatano na mpasua mbao. Ikiwa watu wa shehia wataka kulinda kijisitu chao chote pamoja, Sheria ya Misitu Na. 10 ya 1996 yaruhusu wanakijiji kupewa usimamizi wa msitu kwa mapatano na serikali, na chama kitawasaidia kuandika.

Fedha hatukuweza kumwahidi, na ahadi ya uwongo ni mbaya kuliko kutoahidi. Tulichofanya ni kulitaka tawi lake limpe siku mbili za ujima wakati wa masika, miche yake yote iliyobaki iingie ardhini kwa wakati. Tena wanachama sita wamesema kila mmoja atampa mche mmoja wa kupandwa penye mapengo ya mikarafuu iliyokufa. Mwenzetu amesema atangoja hadi mkutano wa tawi uamue. Yule fundi naye hajakata tamaa. Amesema atapita tena.

Kwa hivyo jambo hili lina haraka. Twaliomba kila tawi liandike orodha ya mahali pake, kwa jina la pahala, mwenye shamba, na alama za maswali manne, na karani ailete ofisini kabla ya mvua za masika kuanza. Msingoje iwe nzuri. Orodha yenye makosa husahihishwa, isiyokuwapo haisahihishwi. Mali bila daftari hupotea bila khabari, na mali hii, ndugu zetu, si ya msimu mmoja.